Mgeni Hadi Lini? Majina ya Makundi na Mipaka ya Uenyeji kati ya Bungoma na Kitale

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna majina ya makundi ya kijamii yanavyoamua nani ahesabiwe ndani ya jamii na nani abaki nje. Mfano unaotumiwa ni eneo linaloanzia Lugulu katika Bungoma hadi Kitale katika Trans-Nzoia, magharibi mwa Kenya. Makala yanadai kuwa matusi ya kikabila, ambayo sheria ya Kenya imeyapiga vita tangu mwaka 2008, siyo chombo kikuu cha ubaguzi. Chombo kikuu ni jozi ya maneno ya adabu, yaani mwenyeji na mgeni. Maneno haya hutumika bila msikilizaji kushtuka, na ilhali ndiyo aghalabu hufungua au kufunga mlango wa ardhi, kazi na usalama.

1.0 Utangulizi

Karibu na barabara itokayo Webuye kwenda Kitale kuna Lugulu, mahali panapojulikana kwa shule ya wasichana na hospitali zenye asili katika Kanisa la Marafiki, yaani Quaker. Nyumbani watu wengi wa hapo huzungumza Lubukusu. Sokoni, hospitalini na ndani ya matatu, Kiswahili huchukua nafasi mara tu anapoingia mtu asiyefahamika kabila lake. Msafiri akiendelea hadi Kitale hukuta mchanganyiko mkubwa zaidi: Wabukusu na Waluhya wengine, Wasabaoti, Wanandi, Wapokoti, Wateso, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Hata mlima unaotazamwa na wote hawa hauna jina moja. Kwa Wabukusu ni Masaba. Katika ramani ni Elgon, jina linalohusishwa na Wakony, ambao ni tapo mojawapo la Wasabaoti.

Hali hii humpa mwanafunzi wa isimujamii swali la msingi. Iwapo watu hawa wote huuziana mahindi kwa lugha moja, kwa nini lugha hiyo hiyo hutumika pia kuwaambia baadhi yao kuwa hapa si kwao? Jibu la haraka ni kwamba chuki imo mioyoni na lugha huibeba tu. Makala haya yanapendekeza jibu jingine: lugha haibebi tu mpaka uliokwisha kuchorwa, bali hushiriki katika kuuchora.

2.0 Kundi huzaliwaje?

Mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Poland mwaka 1919 na kupoteza jamaa zake wengi katika mauaji ya Wanazi, alifanya majaribio maarufu huko Bristol, Uingereza, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1970 na 1971. Wavulana wa shule waligawanywa katika makundi mawili kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kama vile namna walivyokadiria idadi ya nukta au walivyopenda picha za mchoraji huyu kuliko za yule. Hawakuwa na ugomvi wowote, wala hawakujua ni nani mwingine aliyekuwa katika kundi lao. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wenzao, wengi waliwapendelea wa kundi lao. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba mara kwa mara walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi tu kundi la pili lipate kidogo zaidi.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, jina la kundi peke yake linatosha kuzaa upendeleo. Si lazima pawe na uadui wa kale. Pili, majaribio ya Bristol yalihusu fedha za mchezo. Katika maisha halisi, kinachogawanywa ni shamba, nafasi ya kazi, basari ya mtoto na cheo cha utawala. Hapo ndipo upendeleo unapogeuka kuwa ukosefu wa usawa: wa ndani hurithisha watoto wao alichokipata, na wa nje hurithisha watoto wao alichonyimwa. Baada ya vizazi viwili, tofauti iliyoanza kwa jina huonekana kana kwamba ni tofauti ya asili.

3.0 Majina ya kupewa na majina ya kujichagulia

Historia ya Bungoma ni darasa zuri la mchakato huu. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, Wabukusu waliandikwa katika taarifa za serikali kwa jina la Kitosh. Huelezwa kuwa jina hilo lilitoka kwa majirani zao wa Kikalenjin, likiwa na maana ya watu wa kuogofya au maadui. Wakoloni walilipokea, wakalipa jina hilo eneo zima. Baada ya Wabukusu kushindwa katika vita vya Lumboka na Chetambe mwaka 1895, watu walioitwa kwa jina la kupewa walitawaliwa pia kwa machifu wa kupewa. Miongoni mwao ni Murunga, ndugu wa Nabongo Mumia wa Wanga. Kwa jina pana zaidi, wakazi wa upande huo wa nchi, Wajaluo na Waluhya kwa pamoja, waliitwa Kavirondo.

Watu hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1930, wasomi na viongozi wa vyama walianza kulitumia jina Abaluyia, yaani Waluhya, kuyaunganisha makabila ambayo hadi wakati huo hayakuwa na jina moja. Wabukusu nao walidai waitwe kwa jina lao wenyewe, na hatimaye jina Kitosh likaachwa. Katika miaka ya 1940, jirani zao waliozungumza lugha zinazokaribiana, Wanandi, Wakipsigis na wengineo, walijikusanya chini ya jina Kalenjin, neno lenye maana ya 'nakwambia'. Wakony, Wabok na Wabongomek wakajulikana kwa pamoja kuwa Wasabaoti.

Kwa mtazamo wa kwanza hii ni hadithi ya ukombozi, na kwa kweli ni ya ukombozi. Mtu aliyekataa kuitwa adui alikuwa na haki ya kukataa. Lakini kila jina jipya lililowakusanya watu liliweka pia ukingo mpya. Jitihada za kuunda Luluyia sanifu katika miaka ya 1940 zilikumbana na upinzani wa Wabukusu na Walogoli, kwa kuwa mwavuli uliowaunganisha ulitishia kuzimeza lugha zao. Wasabaoti nao, waliowekwa katika wilaya moja na Wabukusu walio wengi, walilalamika kwa miaka mingi kwamba shule, barabara na vyeo viliwapita. Wilaya yao ya Mlima Elgon haikutengwa na Bungoma hadi mwaka 1993. Hivyo waliobaguliwa kwa jina jana waliweza kuwa wengi wanaolalamikiwa leo. Ubaguzi si tabia ya kabila fulani; ni kazi ya nafasi ambayo kundi linaishika kwa wakati fulani.

4.0 Mwenyeji, mgeni, skwota

Tukitoka kwenye majina ya makabila tunafika kwenye jozi ya maneno ambayo Kiswahili chenyewe kimeitoa. Neno mwenyeji lina maana tatu zinazokaribiana. Ni yule anayempokea mgeni; ni yule anayekaa mahali na kupafahamu; na ni yule ambaye asili yake ni hapo. Aidha, ndani ya neno hilo mna -enye, mzizi wa umiliki. Msemaji anaweza kuanza na maana ya pili, ya ukaazi, akateleza hadi ya tatu, ya asili, na kutoka hapo hadi umiliki, bila kubadilisha neno hata moja. Mteremko huu ndio uliogharimu maisha ya watu wengi katika eneo hili.

Trans-Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa Wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba yaligawiwa walowezi, na Mwafrika aliruhusiwa kukaa humo kama mfanyakazi tu. Sheria ya wafanyakazi wakaazi ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Huyo ndiye aliyeitwa skwota. Ajabu ya jina hilo ni kwamba lilimgeuza mtu aliyetangulia kuwa mvamizi, na aliyefika jana akawa mwenyeji mwenye hati. Elijah Masinde, aliyekulia katika kanisa la Quaker kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa, alipowataka Wazungu waondoke, alikuwa pia anaipindua jozi hiyo ya maneno. Serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku dini yake.

Uhuru ulipokaribia, swali likarudi kwa sura mpya: Kitale ni ya nani? Mbele ya tume ya mipaka ya majimbo ya mwaka 1962, viongozi wa Wabukusu, akiwemo Masinde Muliro, walitaka mji huo uwe katika jimbo la Magharibi, na viongozi wa Wakalenjin wakautaka uwe Bonde la Ufa. Ulibaki Bonde la Ufa. Baada ya hapo watu wa makabila mengi walipata mashamba ya walowezi kupitia mipango ya serikali, vyama vya ushirika na kampuni za ununuzi wa ardhi. Walilima, wakazika wazazi wao humo, wakazaa. Hata hivyo, siasa za vyama vingi ziliporudi, ghasia zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1991 zilifika Trans-Nzoia na Mlima Elgon, na maelfu ya watu, wakiwemo Wabukusu wengi, wakafukuzwa kwa sababu waliambiwa kuwa ni wageni. Waliofukuzwa walikuwa na hati, risiti na makaburi. Lililokosekana ni jina tu.

Wala mkuki huu haukuelekezwa nje peke yake. Mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971 kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ulikusudiwa kuwapa ardhi Wamosop, walioitwa pia Ndorobo, ambao walihamishwa kutoka Chepkitale. Ndorobo nalo ni jina la kupewa, lililotokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Wasoy, ambao ni Wasabaoti wa nyanda za chini, nao walikaa katika mpango huo. Ugawaji wa awamu ya tatu, uliofikia kilele mwaka 2006, ulipowaondoa baadhi ya familia kwenye mashamba, liliibuka kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force. Mamia ya watu waliuawa. Operesheni ya kijeshi ya Okoa Maisha iliyofuata mwezi Machi 2008 nayo ilishutumiwa na mashirika ya haki za binadamu kwa mateso na kupotea kwa watu. Waliouana hapa walikuwa wa lugha moja na mlima mmoja. Palipokosekana tofauti ya kabila, ukoo na mteremko vilitosha kumtenga mwenyeji na mgeni.

5.0 Ngeli na utu

Sheria ilikuja baada ya damu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliharamisha matamshi ya chuki ya kikabila na kuunda tume ya kuisimamia. Mwezi Aprili 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya hatari wakati wa uchaguzi. Mojawapo ni madoadoa, neno lililotumika katika Bonde la Ufa wakati wa ghasia za miaka ya 1990 na za 2007–2008 kuwataja watu wa makabila yasiyotakiwa.

Mwanafunzi wa sarufi ana jambo la kuongeza hapa. Doa ni nomino ya ngeli ya LI-YA, na urudufishaji katika madoadoa huleta dhana ya kutapakaa. Kwa kawaida, kiumbe chenye uhai hata kikiwa na umbo la ngeli nyingine hupewa upatanisho wa A-WA: kipofu amefika, si *kipofu kimefika. Lakini anayesema 'madoadoa yaondolewe' huwanyang'anya watu upatanisho huo. Wanakuwa uchafu juu ya kitambaa, na uchafu haufukuzwi, husafishwa. Kwa kiambishi kimoja, uhalifu hugeuka kuwa usafi.

Kwa hiyo ni haki neno hilo kuwa katika orodha. Lakini orodha ina kikomo chake. Neno mgeni haliwezi kupigwa marufuku, wala halistahili. Ni la ngeli ya A-WA, lina utu kamili, na Waswahili hulipenda: mgeni njoo, mwenyeji apone. Adabu hiyo ndiyo inayolipa nguvu linapotumiwa vibaya. Mwanasiasa akisema, 'Wageni wetu wakae kwa heshima,' hakuna mahakama itakayomhoji. Hata hivyo amekwisha kusema mambo matatu: kwamba hapa ni petu, kwamba wao wapo kwa hisani, na kwamba hisani inaweza kuondolewa. Familia ya Kituruka iliyokaa Kipsongo, Kitale, kwa zaidi ya kizazi kimoja huyasikia yote matatu katika neno moja la upole.

6.0 Rika: daraja lenye lango

Je, hakuna namna nyingine ya kujipanga? Ipo, na ushahidi wake umo katika msamiati. Wabukusu hutahiri wavulana katika miaka inayogawika kwa mbili, aghalabu mwezi wa Agosti, na kila kizazi huingia katika rika lenye jina. Marika hayo ni manane, na majina yao hurudi kwa mzunguko: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Miongoni mwa Wakalenjin kuna Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Ni majina yale yale, kwa utaratibu ule ule, ingawa Lubukusu ni lugha ya Kibantu na Kikalenjin ni ya Kiniloti. Wabukusu wenyewe husimulia kuwa shujaa wao Mango alitahiriwa baada ya kuliua joka lililowasumbua watu, na kwamba desturi hiyo ina uhusiano na majirani hao, ambao Wabukusu huwaita Barwa.

Maana yake kwa mada hii ni kubwa. Watu ambao siasa imewaweka pande mbili za mpaka wamekuwa wakiyahesabu maisha yao kwa kalenda moja. Mbukusu wa Maina na Msabaoti wa Maina ni wana wa rika moja kabla ya kuwa maadui. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kuwa kukutana kwa makundi hupunguza chuki pale tu ambapo pana hadhi sawa, lengo la pamoja, ushirikiano, na uungaji mkono wa wenye mamlaka. Rika hutoa angalau sharti la kwanza: wote walioingia kwa kisu kimoja ni sawa.

Lakini daraja hili nalo lina lango. Asiyetahiriwa hubaki nje, na katika misimu ya tohara wanaume wa makabila yasiyotahiri kimila wamewahi kukimbizwa na hata kukatwa kwa nguvu. Katika siasa za Kenya, hoja kwamba 'mvulana' hawezi kuongoza wanaume imetumiwa kuwapinga viongozi wa Kijaluo. Mwanamke naye hana nafasi katika hesabu hiyo ya marika. Kwao huonekana kuwa mpita njia atakayeolewa. Kwa mume huonekana kuwa mtu wa kuja. Yeye ni mgeni katika nyumba mbili, na kwa sababu hiyo, mara nyingi, mrithi katika nyumba sifuri, ingawa Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 27 inakataza ubaguzi wa jinsia. Funzo ni kwamba hakuna kundi lisilokuwa na nje. Swali la haki ni je, aliye nje hupoteza nini kwa kuwa nje? Akikosa ngoma tu, hiyo ni desturi. Akikosa ardhi, kazi au uhai, huo ni ubaguzi.

7.0 Hitimisho

Sheria imejaribu kulitenganisha jina na riziki. Sheria ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Hatua hizi zina thamani, lakini haziwezi kuingia katika kila sentensi. Kazi hiyo ni ya wanaoishughulikia lugha: walimu, watangazaji, waandishi na watunga kamusi.

Methali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hufundishwa darasani kama onyo kwa mvivu. Inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Inasema kuwa ugeni una mwisho, na kwamba mwisho huo ni kazi: aliyeshika jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Kati ya Lugulu na Kitale wapo watu ambao babu zao walishika jembe kabla ya mwaka 1963, na bado siku yao ya tatu haijafika. Mtumiaji mwangalifu wa Kiswahili anaposikia neno mgeni likitajwa jukwaani, na aulize: siku ya tatu ya huyu ilikuwa lini, na ni nani aliyeifuta?

MASWALI YA KUJADILI

1. Tofautisha maana tatu za neno mwenyeji kwa mifano kutoka eneo unalotoka. Ni maana ipi hutumika zaidi wakati wa uchaguzi?
2. Taja majina matatu ya makundi yaliyotolewa na majirani au wakoloni. Wenye kuitwa hivyo wanayakubali?
3. 'Orodha ya maneno yaliyokatazwa haiondoi chuki, huibadilishia msamiati.' Jadili.
4. Je, sheng ya vijana wa mijini huvunja mipaka ya kikabila, au huunda kundi jingine lenye nje yake?